Risasi na Mabomu Makuukuu: Somo kwa Watumishi na Wananchi wa Lulindi

Sehemu za Masasi na Newala zilipitiwa na Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Oktoba 1916 majeshi ya Wareno yaliiteka Newala, na mwezi uliofuata yakaondolewa na Wajerumani. Mkulima wa Lulindi anayechimba shimo au kung'oa kisiki cha mkorosho, akikuta kombora lililokula kutu, hana budi kuelewa kuwa umri wake si kinga.

Wengi hudhani kuwa risasi kuukuu imekufa. Dhana hiyo ni potofu. Kutu hula ganda na vizuizi vya fyuzi, lakini baruti iliyomo huweza kubaki na nguvu kwa miaka mingi. Aidha, baruti ya kurushia huchanganywa na dawa ya kuituliza. Dawa hiyo hupungua kadiri miaka ipitavyo, hasa penye joto; ikiisha, baruti huweza kuwaka yenyewe. Kwa sababu hiyo, akiba ya majeshi hukaguliwa, na iliyopitwa na wakati huteketezwa. Milipuko ya maghala ya Jeshi huko Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, iliua watu zaidi ya 20 kila mahali.

Mwananchi aonapo kitu cha namna hiyo inampasa:

(a) asikiguse wala kukisogeza;

(b) asikichome moto, asikizike, asikitupe mtoni wala chooni;

(c) asikiuze kama chuma chakavu;

(d) aweke alama kwa mbali, awazuie watoto, na kumwarifu Afisa Mtendaji wa Kijiji au Polisi.

Kazi ya kuteketeza ni ya wataalamu. Kombora lisilofaa kusafirishwa hulipuliwa hapo hapo lilipo, baada ya watu kuondolewa. Mengine hupelekwa uwanja wa mbali, hupangwa shimoni na kulipuliwa pamoja. Risasi ndogo huchomwa katika tanuru maalumu. Mwenye leseni aliyebaki na risasi asizozihitaji azikabidhi kituo cha Polisi.

Mtumishi apokeaye taarifa naye ana wajibu wake. Asimwagize kamwe mtoa taarifa akilete kitu hicho ofisini ili kithibitishwe. Aandike mahali kilipo, umbo lake na saa kilipoonekana, kisha apeleke habari mbele bila kuchelewa.