Tambi na Mchunga, Sahani Moja

Somo hili ni mazungumzo ya marafiki wawili wa Kuruwitu. Wawili kati yenu wayasome kwa sauti.

— Mwenzangu, mume wangu kaambiwa hospitali ana kisukari. Na watoto wataka tambi za sukari na iliki. Sasa nipike vyungu viwili?

— La, pika kimoja. Tambi si sumu. Ubaya ni ile sukari unayomimina, tena ni unga mweupe uliotolewa kapi, na mboga hakuna.

— Basi nizipikeje?

— Usizichemshe zikawa rojorojo. Waitaliano wa Malindi huziepua zingali ngumu kidogo. Zikilainika mno, sukari hupanda haraka damuni. Tia nyanya, kitunguu, na kunde au samaki. Ukipata za ngano isiyokobolewa, bora zaidi.

— Na mchunga aliotuzoesha mama?

— Huo na mchicha ndio ujaze nusu ya sahani! Robo iwe tambi au sima, robo samaki au kunde. Tui zito lisiwe la kila siku. Na dawa za daktari asiache.

— Atasema mboga ni chakula cha shida.

— Mkumbushe wavuvi wetu walivyofunga sehemu ya bahari mwaka 2005. Walivumilia, na samaki wakarudi. Mwili nao wataka subira.

Zungumzeni kikundini:
1. Ni mboga gani za kwetu tumeacha kupanda?
2. Nani kwetu ana kisukari, na hupikiwa nini?
3. Wiki hii tutapunguza sukari wapi?