Kutumia CROPWAT kwenye kompyuta ya Linux

Wengi mnaniuliza kama CROPWAT, ile programu ya bure ya FAO ya kukadiria mahitaji ya maji ya mazao, inakubali kwenye Linux. CROPWAT 8.0 imetengenezwa kwa ajili ya Windows, ila mimi naitumia kwenye Ubuntu kupitia Wine.

Wine, iliyoanza mwaka 1993, haiweki Windows kwenye mashine yako. Ni kama mkalimani: CROPWAT ikiomba kitu kwa lugha ya Windows, Wine inaligeuza ombi hilo ili Linux ilielewe. Ndiyo maana hata laptop iliyochoka inaimudu, tena bila leseni. Zile Windows za kuchakachua za mtaani achaneni nazo, zinakuja na virusi.

CROPWAT ni ya biti 32, kwa hiyo Ubuntu ya biti 64 inabidi iruhusiwe kwanza. Fungua terminal, andika mstari mmoja mmoja:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine wine32

Halafu andika wine, acha nafasi, weka jina la faili la CROPWAT ulilopakua. Watu hukwama wakitafuta data za hali ya hewa za CLIMWAT: ndani ya Wine, mafolda yako ya Linux yako diski Z, siyo C.

Kabla hujampa mkulima ratiba, rudia hesabu ya zao ulilokwisha kulikokotoa kwenye Windows, ulinganishe majibu. Nukta ya desimali ikisomwa vibaya, milimita 4.5 kwa siku zinageuka 45, na mwenye pampu ya dizeli atalipia maji ambayo kitunguu hakikuyahitaji.