SOMO: Nyama waliopata akili, na bomu waliloliabudu



Wengi wetu tunapenda vitabu vya picha, vile tunavyoitaka bedê. Wazazi wanasemaka vinakula wakati bure. Kweli, viko vya mchezo tu. Lakini viko vingine vinavyouliza ulizo kubwa. Leo tujifunze kimoja, jina lake Kamandi. Ulizo lake ni hili: mtu ni nani, na nyama ni nani?

1. Mwandishi na kitabu chake

Kamandi ilianza kutoka mwaka 1972 katika Marekani, kwa kampuni DC ya New York. Ilitoka namba kwa namba, zote 59, mpaka ikaisha mwaka 1978. Aliyeianzisha ni Jack Kirby, aliyezaliwa New York mwaka 1917, mtoto wa Wayahudi waliohama kutoka Ulaya. Katika vita vya pili vya dunia alikuwa askari. Alipigana Ufaransa mwaka 1944, na baridi iliumiza miguu yake vibaya hata akapelekwa hospitali. Basi, alipochora dunia iliyobomoka, alikuwa amekwisha kuona vita kwa macho yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1994.

Mfaransa Pierre Boulle alikuwa amemtangulia na kitabu La Planète des singes, kilichotoka mwaka 1963. Sinema yake ya mwaka 1968 ilipendwa sana, na DC ikataka kitu kinachofanana. Kirby akapanua wazo lile. Kwake siyo nyani peke yao wanaosema. Kuna tigri (yule paka mkubwa wa Asia mwenye mistari), simba, gorila, mbwa, na wengine mingi.

2. Hadithi yenyewe

Dunia imepigwa na Maafa Makuu. Kirby hakueleza kila kitu juu yake, lakini anataja mionzi. Bahari imemeza miji. Juu ya jalada la namba ya kwanza tunaona sanamu kubwa ya New York imeinama ndani ya maji, na kijana mmoja anapita na chombo chake kidogo. Huyo ndiye Kamandi. Alilelewa na babu yake chini ya udongo, katika pango la askari lililoitwa Command D, na jina lake limetoka pale. Anaporudi nyumbani anakuta mbwa mwitu wamekwisha kumwua mzee.

Tangu siku ile anatembea katika dunia ya nyama. Wanasimama kwa miguu miwili, wanavaa nguo, wanashika bunduki. Watu karibu wote wamepoteza usemi. Wanawindwa na kutumikishwa. Fasi moja simba wanawachunga watu katika hifadhi, sawasawa sisi tunavyochunga nyama wa Virunga. Simba wale ni walinzi wema, hawatesi. Lakini jiulize: ungependa kulindwa namna hiyo?

3. Akili ya nyama ilitoka wapi?

Haikuanguka kutoka mbinguni. Katika namba ya 16 Kamandi anafika katika hospitali iliyoachwa kule Washington, na kule tunajifunza habari yenyewe. Mbele ya maafa, daktari mmoja alitengeneza dawa ya kuamsha ubongo wa nyama. Maafa yalipofika dawa ikaingia katika maji, nyama wakakunywa. Ndiyo kusema, walipata akili kwa mkono wa mtu.

Na akili ile waliitumia kwa kazi gani? Tigri walijifanyia ufalme, na mfalme wao anaitwa Kaisari. Gorila walifanya jeshi. Wakapigana juu ya mipaka, wakafunga wafungwa, wakamdharau asiyejua kusema. Walifanya vilevile kama sisi. Hapa Kirby anatufundisha jambo zito: akili ni chombo. Haimfanyi mwenye nayo kuwa mwema.

4. Bomu

Katika namba ya kwanza kuna jambo la kushangaza. Tigri wana kombora la atomiki lililobaki kutoka wakati wa watu, nao wanaliabudu. Hawajui ni kitu gani, wanaona tu kwamba lina nguvu. Sisi tuliosoma habari ya ndama ya dhahabu tunaelewa upesi. Kamandi anajua. Lakini kwa huzuni na hasira anataka kulipasua, wote wafe pamoja, naye ndani. Anazuiwa. Angalieni basi: asiyejua anaabudu bomu, anayejua anataka kulipasua. Nani hapa ni mwenye hekima?

Msiseme haya ni mambo ya wageni, hayatuhusu. Udongo wetu umo. Mwaka 1940 uranium ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, zaidi ya tani 1000, ilipelekwa na Union Minière mpaka New York. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika shimo lile. Wachimbaji wa kwetu walibeba majiwe yale, na hawakuambiwa yatafanya kazi gani. Ndiyo maana kijana wa Kongo anaweza kusoma Kamandi na kusema: hata mimi nina neno katika hadithi hii.

5. Neno kwetu

Mimi nampenda zaidi daktari Canus. Ni mbwa, anatumika kwa Kaisari. Kaisari anamletea Kamandi kama vile tunavyoleta nyama wa kufugwa. Canus angeweza kumfunga kamba na kulala. Lakini anamsikiliza, anatambua kwamba mtoto huyu anafikiri, anakuwa rafiki yake. Nyuma, hata Tuftan, mtoto wa Kaisari, anakuwa rafiki.

Katika shule yetu mwenye kujua Kifaransa vizuri anamcheka yule aliyefika juzi kutoka kijijini, kwa sababu hasemi. Anaitwa kwa mlio wa vidole, anatumwa maji usiku. Sisi wa darasa la sita tumepewa mamlaka juu ya wadogo. Tuchague sasa: tutakuwa Kaisari, au tutakuwa Canus? Kunyamaza kwa mtu si alama kwamba hana akili. Pengine hakuna aliyemwuliza.

Maulizo ya kujibu darasani

a) Juu ya nini watu katika hadithi hii walipoteza cheo chao?
b) Simba wanawalinda watu vizuri. Je, kulinda na kuheshimu ni kitu kimoja?
c) Taja kitu kimoja ambacho watu wa leo wanakiabudu kwa sababu ya nguvu zake tu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita