Safari ya Maji katika Nchi ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Upande wa mashariki nchi hii imepakana na nyika za Serengeti. Na upande wa kaskazini-magharibi, katika Busega, yafika mpaka ukingo wa Ziwa Victoria. Ziwa hilo ni kubwa kupita maziwa yote ya Afrika. Eneo lake ni yapata kilomita za mraba 68,800, na kutoka mji wa Bariadi mpaka maji yake, kwa mstari ulionyoka, ni chini ya kilomita 70.

Lakini mwezi wa Agosti ukifika, majani hukauka, malambo hubaki matope, na ng'ombe hukonda. Wanawake na watoto hushika njia alfajiri na ndoo vichwani, nao hurudi jua limekwisha kuwa kali. Basi yafaa kuuliza: Imekuwaje nchi iliyo jirani ya maji mengi hivyo kushikwa na kiu? Jibu limo katika safari ya maji yenyewe, jinsi yapandavyo, yashukavyo na yaendavyo.

Jinsi maji yapandavyo

Nguo iliyofuliwa ikianikwa juani, hukauka. Maji yake hayakupotea. Yamegeuka kuwa mvuke, nao mvuke hauonekani kwa macho, umechanganyika na hewa. Jambo hili hutendeka mchana kutwa juu ya ziwa, juu ya mito, juu ya udongo wenye unyevu, na hata juu ya majani ya mimea, maana kila jani lina vitundu vidogo mno vitoavyo mvuke.

Mambo matatu huyaharakisha maji kupanda. La kwanza ni joto la jua. La pili ni upepo, ambao huiondoa hewa iliyoshiba mvuke na kuleta hewa kavu mahali pake. La tatu ni upana wa maji. Mtoto akitia kikombe kimoja cha maji katika sahani pana, na kikombe kingine katika chupa yenye mdomo mwembamba, kisha akaviweka vyote juani, ataona kwamba sahani imekauka zamani, na chupa bado ina maji. Habari hii ya sahani na chupa haifai kusahauliwa, kwa sababu ndiyo itakayoeleza mengi hapa chini.

Jinsi mawingu na mvua vifanyikavyo

Hewa yenye joto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda juu. Kadiri ipandavyo hupoa, karibu digrii moja kwa kila mita 100. Hewa iliyopoa haiwezi kuchukua mvuke mwingi kama hewa ya moto. Kwa hiyo sehemu ya mvuke hurudi kuwa maji, ukishika vumbi dogo dogo lililomo hewani. Ndivyo wingu lifanyikavyo. Jambo hilo hilo huonekana jikoni, kifuniko cha sufuria kinapotona matone ya maji ambayo hakuna aliyeyamwagia.

Vitone vya wingu ni vidogo hata huelea. Yapata milioni moja lazima viungane ndipo lipatikane tone moja la mvua lenye uzito wa kuanguka. Kwa sababu hii si kila wingu huleta mvua, na mkulima aliyeona mawingu meusi yakipita bila kunyesha hana haja ya kudhani kuwa ametendewa uchawi.

Pepo na majira

Dunia huliinamia jua kwa zamu, kaskazini na kusini. Katika nchi ya Bariadi jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Septemba na katikati ya Machi. Mahali jua linapochoma sana, hewa hupanda kwa wingi, na pepo kutoka kaskazini na kusini hukutana hapo. Huo ndio mkanda wa mvua, nao hulifuata jua, ukichelewa kidogo nyuma yake. Kwa hiyo mvua za Simiyu huanza Oktoba au Novemba na kukoma Mei. Lakini katikati, mwezi wa Januari na Februari, mara nyingi hupungua, kwa kuwa mkanda umekwenda kusini. Mkulima apandaye mahindi bila kukumbuka upungufu huo aweza kuyaona yakinyauka yakiwa katika kutoa mbelewele. Mtama huvumilia zaidi, na ndiyo sababu wazee waliutegemea.

Sasa kuhusu ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huvuma kuingia nchi kavu. Usiku upepo hugeuka, na mara nyingi dhoruba huwapiga wavuvi majini usiku na asubuhi. Watu wa Busega wauona upepo huo. Lakini pepo kubwa za nchi hizi huvuma mara nyingi kutoka mashariki kwenda magharibi. Hizo huuchukua mvuke wa ziwa na kuupeleka ng'ambo ya pili. Ndiyo maana Bukoba, iliyo magharibi ya ziwa, hupata mvua ya yapata milimita 2,000 kwa mwaka, hali Simiyu kwa kawaida hupata milimita 600 hadi 900 tu. Simiyu iko karibu na ziwa, lakini iko upande utokao upepo. Hili ndilo jibu la kwanza la swali.

Jua ladai kuliko mbingu zinavyotoa

Jibu la pili ni kubwa zaidi. Mvua hupimwa kwa milimita, na kipimo hiki ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvuke nao hupimwa vivyo hivyo. Juu ya Ziwa Victoria jua hutwaa kina cha karibu mita moja na nusu kila mwaka, yaani milimita 1,500. Katika kila sehemu tano za maji yatokayo ziwani, karibu nne hupanda kuwa mvuke, na moja tu hutoka kwa mto Nile pale Jinja, nchi ya Uganda. Ziwa halikauki kwa sababu mvua kubwa hunyesha juu yake lenyewe. Mvua hiyo huleta karibu sehemu nne katika tano za maji yaingiayo, na mito yote kwa jumla huleta moja iliyobaki. Mvua zikizidi, ziwa hupanda: kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili.

Katika Simiyu hesabu ni nyingine. Mbingu hutoa milimita 600 hadi 900, na jua, likipata maji wazi, laweza kutwaa karibu mara mbili ya hayo. Tazama lambo wakati wa kiangazi. Jua likichota milimita 5 kwa siku, basi tangu Juni hadi Septemba, yaani siku 122, litakuwa limechota milimita 610. Lambo lenye kina cha nusu mita ni milimita 500 tu. Litakauka kabla ya mvua kurudi, hata kama hakuna ng'ombe mmoja aliyekunywa. Lambo pana na la kina kifupi ni ile sahani. Lambo jembamba lenye kina kirefu ni ile chupa.

Tena hewa ya dunia nzima imezidi kuwa na joto kwa ajili ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta. Kila digrii moja ikiongezeka, hewa yaweza kuchukua mvuke zaidi kwa karibu sehemu saba katika mia. Maana yake ni kwamba jua litazidi kudai, na mvua zikija zaweza kuja kwa nguvu nyingi kwa muda mfupi.

Hapo kale Wasukuma walimtazamia mtemi kuwa mwenye mvua. Nchi ikikauka, mtemi aliweza kulaumiwa, hata kuondolewa katika kiti chake. Elimu yafundisha kuwa hakuna mtu awezaye kuyaamuru mawingu. Lakini mvua ikiisha kuanguka, kuitunza au kuipoteza ni kazi ya watu, wala Muumba hakuwanyima akili ya kazi hiyo.

Mto uliolala

Mto Simiyu hutiririka kuelekea magharibi na kuingia ziwani katika Ghuba ya Speke. Wakati wa masika hujaa na kunguruma. Wakati wa kiangazi mgeni aweza kuvuka bila kulowesha nyayo, akadhani mto umekufa. Mwenyeji ajua kwamba umelala tu. Huchimba mchangani, na baada ya kitambo maji huchuruzika kuingia shimoni.

Sababu yake ni hii. Maji yaliyozama kati ya chembe za mchanga yamefichwa, jua haliyaoni wala upepo hauyagusi. Mchanga wa juu ukikauka huwa kama kifuniko cha mtungi, na maji yaliyo chini zaidi ya mita moja hayatwaliwi na jua ila kidogo mno. Mtoto aweza kulijaribu jambo hili kwa kopo. Alijaze mchanga, atie maji, aliweke juani karibu na ile sahani. Sahani ikiisha kukauka, atie kidole chini ya mchanga, atakuta unyevu.

Lakini maji ya mchangani si salama kwa kuwa ni meupe tu. Mifugo inyweshwe mbali na shimo la watu, na maji ya kunywa yachemshwe. Tena miti ya kandokando isikatwe, wala kingo zisilimwe. Maana udongo ukiporomoka huziba nafasi kati ya chembe za mchanga, na ghala ya maji huharibika.

Ngitili

Wasukuma walikuwa na desturi moja yenye hekima. Mvua zilipoanza, walifunga sehemu ya malisho, mifugo isiingie mpaka kiangazi kikali. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Kwa miaka mingi, tangu vichaka vilipofyekwa katika miaka ya 1920 na baadaye ili kuwafukuza mbung'o, na mashamba ya pamba yalipoongezeka, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, miti na ngitili nyingi zilitoweka. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Wakati ule Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Watu walirudishiwa desturi yao wenyewe, na baada ya miaka kama 20 ngitili zilizofufuka zilifika hekta zaidi ya 300,000.

Ni kweli kwamba miti nayo hunywa maji. Lakini ardhi iliyo wazi hupigwa na matone hata ikagandamana, na maji hukimbia juu yake yakichukua rutuba. Ardhi yenye majani hupokea mvua polepole, mizizi huifungulia njia ya kuzama, na kivuli huizuia isitwaliwe upesi na jua.

Paa na tangi

Nyumba nyingi siku hizi zimeezekwa bati. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 60. Mvua ya mwaka ikiwa milimita 700, paa hilo hupokea lita 42,000. Hata sehemu ya tano ikipotea, hubaki lita 33,600, yaani ndoo 1,680 za lita 20. Tangi la lita 5,000 likijazwa mwisho wa masika na kufunikwa vema, lina ndoo 250. Nyumba itumiayo ndoo mbili kwa siku kwa kunywa na kupika itakaa nayo siku 125. Nao muda wa Juni hadi Septemba ni siku 122.

Kazi nyingine zahitaji nguvu ya serikali na mataifa. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulikubali kuusaidia mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kwa mabomba katika mkoa wa Simiyu. Lakini bomba halimwondolei mtu wajibu wa kulinda mchanga wa mto, kufunga ngitili na kufunika tangi. Mvua ni mgeni apitaye. Nyumba iliyomwandalia mahali pa kulala ndiyo itakayokuwa naye mwezi wa Agosti.

Maswali

1. Kwa nini Bukoba hupata mvua nyingi kuliko Bariadi, hali miji yote miwili iko karibu na ziwa moja?
2. Lambo moja lina kina cha milimita 800. Jua likichota milimita 5 kila siku, litakauka baada ya siku ngapi?
3. Kwa nini maji hukaa mchangani wakati ambapo lambo limekauka?
4. Pima urefu na upana wa paa la shule yenu. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, paa hilo litapokea lita ngapi?
5. Waulize wazee wa kijiji mahali ngitili zilipokuwa zamani, na kama zipo hata sasa.