Usiitupe Pakiti Yenye Ukungu

*Shikamoo Mama,*

*Nina miaka 27, naishi Kihonda, Morogoro. Mwaka juzi nilianza kukausha maembe na mananasi kwa kikaushio cha jua nilichotengenezewa na fundi. Watu waliyapenda. Msimu uliopita nilipeleka pakiti 60 kwenye maduka matatu, baada ya wiki chache 38 zikarudishwa zimeota ukungu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuzunguka. Nimehudhuria semina nane, vyeti vimejaa bahasha. Mara nne nimekwenda Dar kueleza wazo langu mbele ya majaji, mara zote nimerudi na fulana na namba za simu za watu wasiopokea. Kila ofisi naambiwa niende kwingine. Naona wenzangu wanapata mitaji na sijui walipitia mlango gani. Sasa kuna mtu anasema nimpe shilingi 350,000 aniingize kwenye mpango wa kulea biashara changa, na fedha niliyo nayo ya msimu huu ndiyo hiyohiyo. Baba anataka niache nitafute ajira. Kaka yangu aliyenikopesha hanisemeshi. Nifanye nini, au nimeshachelewa?*

*Aliyechoka Kuzunguka*

Marahaba, mwanangu.

Hiyo 350,000 usiitoe. Naanza na hilo kwa sababu msimu wa maembe haumsubiri mtu, na fedha ikishatoka mkononi kuirudisha ni kazi nyingine. Vituo atamizi vya kweli, vya kulea biashara changa, vipo nchini, na vingine hutoza ada. Lakini cha kweli kina mlango unaoweza kuubisha hodi, kina watu waliopita hapo ambao unaweza kwenda kuwaona kwenye shughuli zao, na kinakueleza kwa maandishi utapewa nini, na nani, kwa muda gani. Mwombe huyo bwana akukutanishe na watatu tu aliowalea. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Sasa tuzungumze. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara macho yangu yamekwama palepale: pakiti 38. Umezitaja kwa sentensi moja, kisha ukahamia kwenye semina, majaji na mitaji. Nadhani zinakuuma, ndiyo maana umezipita haraka. Lakini hizo pakiti ndizo zilizokuuliza swali, na tangu siku ile unatafuta jibu la swali jingine.

Zaidi ya asilimia 80 ya embe bivu ni maji, na nanasi ni hivyohivyo. Kazi yako ni kuyatoa hayo maji na kuyazuia yasirudi. Ukikata vipande visivyolingana unene, vyembamba vitakauka na vinene vitakauka juu tu, ndani vimeficha maji. Ukifunga vikiwa bado na joto la kikaushio, mvuke utanaswa ndani ya pakiti na kurudi kuwa maji. Ukitumia nailoni nyepesi, unyevu wa masika utapenya taratibu hata kama ulikausha vizuri. Kosa lako ni lipi kati ya hayo? Mimi sijui, na majaji uliosimama mbele yao kwa dakika tano wasingeweza kujua. Hata mtaji wa milioni kumi usingejua. Ungekununulia kikaushio kikubwa zaidi, nawe ungeozesha mamia ya pakiti badala ya 38.

Anayeweza kujua ni mtu mwenye kipimo cha unyevu na uzoefu wa matunda. Na wewe, mwanangu, unaishi Morogoro! Watu husafiri kutoka mikoa ya mbali kuja kusoma mambo haya hapo. Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, kipo hapo mjini tangu mwaka 1984 na kinafundisha sayansi ya chakula. Hapohapo kuna SUGECO, ushirika ulioanzishwa na wahitimu wajasiriamali wa chuo hicho, wanaofundisha vijana kilimo biashara na usindikaji. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, Dar imekuwa jirani, nami naelewa inavyovuta. Lakini umekwenda mara nne mahali penye majukwaa, na barua yako haitaji hata mara moja kwamba umepanda daladala kwenda SUA.

Sikulaumu. Nilifanya kosa hilohilo. Miaka hiyo nilikuwa Iringa nikitengeneza jemu ya mapera, na shida yangu ilikuwa chupa. Nikaenda Dar, nikampa wakala mmoja nusu ya mtaji wangu, chupa hazikuja mpaka leo. Mwaka uliofuata ndipo nikagundua kwamba mama mmoja muuza asali, mtaa wa pili kutoka kwangu, alikuwa akinunua chupa za aina ileile kwa jumla. Tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi. Sikuwahi kumuuliza, kwa sababu kichwani mwangu msaada ulikuwa kitu kinachokaa mbali, kwenye jengo lenye lifti.

Nakutaka uchore ramani. Nunua karatasi ya manila, uibandike ukutani. Wengi wakiambiwa hivyo huanza kuorodhesha ofisi: SIDO, TBS, halmashauri, benki. Hiyo ni orodha, na orodha hiyo unayo tayari kwenye makabrasha ya semina zako nane. Wewe katikati ya karatasi andika swali: *Kwa nini maembe yangu yanaota ukungu?* Pembeni andika maswali yatakayofuata likishajibiwa hilo, ambayo nadhani ni vifungashio, alama ya ubora, na nani atanunua. Halafu kila mtu, kila ofisi, kila karakana unayoisikia, iweke karibu na swali inaloweza kulijibu. Isiyojibu swali lolote kati ya hayo isiingie, hata ikiwa na jina kubwa namna gani.

Tumia kalamu za rangi tatu. Moja ni ya mahali ulipofika mwenyewe, ya pili ya ulipoelekezwa na mtu aliyefika, ya tatu ya ulipopasikia tu. Hili ulishike sana, maana habari za ofisi zetu huzeeka upesi. Hadi leo utakutana na mtu atakayekwambia chakula kinasajiliwa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na anakwambia kwa nia njema kabisa. Kazi hiyo ilihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Utakutana na mwingine atakayeapa kwamba mikopo ya halmashauri imefungwa. Kweli ilisitishwa mwaka 2023, lakini ikarejeshwa 2024. Wote wawili wanasema kilichokuwa kweli siku walipokwenda. Kwa hiyo kila mahali kwenye ramani yako pawe na tarehe, na ukifika andika pia nani alikuhudumia, siku zipi anapatikana, na alikuagiza ulete nini. Nadhani nusu ya kule "kuambiwa uende kwingine" ni kufika bila karatasi moja.

SIDO umeshasikia, lakini nenda na uulize vizuri. Shirika hilo la viwanda vidogo lilianzishwa kwa sheria mwaka 1973 na lina ofisi katika mikoa ya Tanzania Bara, ya kwako ikiwemo. Wengi huliendea kwa mkopo tu. Wewe liendee kwa mambo mawili: mafunzo ya usindikaji na vifungashio, na barua ya utambulisho. Barua hiyo ina uzito, kwa sababu mjasiriamali mdogo anayekwenda nayo TBS huanza safari ya alama ya ubora bila kutozwa gharama ambazo viwanda vikubwa hulipa. Watu wangapi wameshindwa kuuza kwenye maduka ya maana kwa kudhani alama ile ni ya matajiri! Namba ya mlipa kodi, TIN, TRA huitoa bure, na jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao. Anayekutoza fedha nyingi kwa hayo mawili anakuuzia usingizi wako.

Lakini usiishie maofisini, maana sehemu kubwa ya utajiri wa mji haina kibao mlangoni. Fundi aliyekutengenezea kikaushio yupo wapi? Ametengeneza vingapi, na vya akina nani? Hao wenzako wenye vikaushio kama chako ndio madaktari wako wa kwanza, kwa sababu wameshaunguza na kuozesha kabla yako. Nenda Msamvu, kaa stendi asubuhi nzima, uangalie abiria wananunua nini dirishani na kwa bei gani, kisha uongee na wanaosafirisha mizigo. Nenda soko la Chifu Kingalu, wajue wanaoshusha mananasi kutoka milimani, na uwaulize yaliyoiva sana, ambayo hayafiki kesho, huyapeleka wapi. Jibu la swali hilo linaweza kukushushia gharama za malighafi kuliko mkopo wowote.

Na kama msimu wako utaruhusu, ushike mwezi wa nane. Kila mwaka, kuelekea tarehe 8 Agosti, Nane Nane ya Kanda ya Mashariki hufanyika hapo Morogoro, uwanja wa Mwalimu Nyerere. Watu wengi huenda kuangalia ng'ombe na kula nyama choma. Wewe nenda na karatasi yako, na uende siku za mwanzo kabla umati haujajaa. Vyuo, taasisi za serikali, mabenki na wasindikaji wenyewe husimama kwenye mabanda uwanja mmoja, na aliyetumwa pale ametumwa kuongea. Mtu ambaye ofisini ungemsubiri wiki tatu, pale anakuita yeye.

Mikopo ya halmashauri niliyoitaja ni halali na haina riba. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi, na wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Mwone, mfahamiane, ujue masharti. Lakini usiombe bado. Ukikopa kabla hujajua ukungu unatoka wapi, utawaburuza na wenzako wa kikundi kwenye deni la maembe yaliyooza, na kikundi kikivunjika kwa deni hata salamu hupotea. Kaka yako mmoja asiyekusemesha anakutosha.

Umesema hujui wenzako walipitia mlango gani. Hapa nina uchungu wangu. Wengi wao hawakupitia mlango wowote wa ajabu. Walikuwa na mjomba aliyefanya kazi wizarani, au shangazi anayesali na meneja wa benki, au baba aliyeweza kusema mezani, "Kesho nenda kamwone fulani." Habari za namna hii katika nchi yetu zinatembea kwenye harusi na misiba ya watu fulani, na mtoto wa mkulima huzisikia zikiwa zimepoa. Si haki, na hali hii haiwezi kuondoka kwa kila kijana kuambiwa ajitume. Ningependa kuiona ramani kama hiyo yako imebandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya kata, yenye tarehe, ikifutwa na kuandikwa upya kila robo mwaka, na mtendaji akiulizwa ikichakaa. Mpaka siku hiyo, yako ikishajaa ipige picha uwape wanaoanza. Utaogopa watakuwa washindani wako. Atakayekausha maembe vizuri hapo Morogoro atawafanya wenye maduka wayaamini na ya kwako.

Ukienda kwa mtu, usiende na mchanganuo wa biashara wa kurasa 30. Nenda na kitu mkononi na swali moja. Kabla ya kuaga uliza, "Ungekuwa mimi, ungemwona nani mwingine?" na uandike jina palepale. Halafu rudi umwambie ilikuwaje. Nimeona hili kwa miaka mingi: wanaoomba msaada ni wengi, wanaorudi kusema "ulichoniambia kimefaa" ni wachache mno, na kwa hao wachache watu hufungua hata makabati yaliyokuwa yamefungwa.

Baba yako usibishane naye. Amekuona ukitoka na kurudi na fulana, angefikiri nini? Mwache aione ramani ukutani ikiongezeka. Kaka yako mfuate wewe, kabla hajakufuata. Mwambie unamwomba kiasi gani cha uvumilivu, utamrejeshea kiasi gani kutoka mauzo ya awamu ipi, na ukimlipa hata elfu ishirini za kwanza, mpe mkononi, siyo kwa simu.

Hujachelewa. Natumaini hukuzitupa pakiti zote zilizorudi. Kama imebaki hata moja yenye ukungu, usiifungue. Itie ndani ya mfuko mwingine, andika juu yake tarehe uliyokausha, vipande vilikaa siku ngapi juani, na duka ilikotoka. Chukua na nyingine nzima, kama ipo, ya tarehe hiyohiyo. Jumatatu asubuhi panda daladala uende SUA, uulize wanaofundisha usindikaji wa matunda wako jengo gani, uziweke zote mbili mezani kwao.