Kampuni Mama na Mito ya Chingola
Ndugu zangu, wengi hudhani mwekezaji akishapata kibali cha mazingira katika nchi ya ugenini, amemaliza. Mimi huwarejesha kwenye kesi ya Vedanta. Wanavijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, walidai mgodi wa shaba wa Nchanga umechafua mito wanayonywa na kumwagilia mashamba. Wakashtaki kampuni tanzu na kampuni mama pamoja, huko Uingereza. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaruhusu kesi iendelee. Sababu mojawapo ndiyo hunivutia: kampuni mama yenyewe ilikuwa imechapisha kwamba inasimamia viwango vya mazingira vya kampuni zake tanzu. (Na taarifa hizo huandikwa kuwapendeza wenye hisa!) Mwaka 2021 wakapatana bila kukiri kosa, hivyo swali la nani alaumiwe halikuamuliwa.