Nyambizi za Aina ya B1 na Bandari ya Kilindini

Maana ya jina la Kilindini haihitaji mfasiri. Ni mahali penye kilindi, yaani maji ya kina kikubwa, na kwa jina hilo hilo hujulikana Wakilindini, mojawapo ya Thelatha Taifa za Mombasa. Kina hicho ndicho kilichowezesha meli kubwa kuingia na kufunga gatini tangu gati za kwanza za maji marefu zilipokamilika mwaka 1926. Katika mwaka 1942 kina hicho hicho kiliileta vita mlangoni pa kisiwa.

Mwezi wa Aprili mwaka ule ndege za Kijapani zilizorushwa kutoka manowari zilipiga Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Kwa siku chache Waingereza walipoteza manowari Cornwall, Dorsetshire na Hermes. Jemadari wa bahari, James Somerville, aliona kwamba Ceylon haifai tena kuwa makao ya manowari zake, akazihamishia Kilindini. Watu wa Likoni wakaziona zikiingia, na mji ukajaa mabaharia. Pamoja nao walikuja wataalamu wa kufumbua simu za siri, wakawekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Mwezi wa Novemba 1942, wakisaidiwa na kosa walilolifanya Wajapani wenyewe, wataalamu hao walifaulu kulivunja fumbo lililotumiwa na meli za biashara za Japani. Hiyo ilikuwa kazi kubwa. Lakini kujua safari ya meli ya biashara si sawa na kujua mahali ilipojificha nyambizi.

Nyambizi ni chombo gani? Ni manowari iliyoundwa ili iweze kuzama kwa hiari yake na kuibuka tena. Pembeni mwake mna matangi makubwa. Nahodha akitaka kuzama, matangi hufunguliwa yakajaa maji ya bahari, chombo kikawa kizito. Akitaka kuibuka, maji husukumwa nje kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Silaha yake kubwa ni topido, bomu refu lenye injini yake lenyewe, ambalo hukimbia chini ya maji mpaka kwenye ubavu wa meli.

Wajapani waliunda nyambizi za namna nyingi. Zile za aina ya B1 zilikuwa 20, na zilianza kazi kati ya 1940 na 1943. Urefu wa kila moja ulikuwa zaidi ya futi 350, kupita urefu wa kiwanja cha mpira, na ndani yake waliishi mabaharia wapatao 94. Zilichukua topido 17, tena ziliweza kusafiri maili za baharini 14,000 bila kuongeza mafuta. Ajabu yake zaidi ni kwamba kila moja iliundwa iweze kubeba ndege ndogo, iliyokunjwa mabawa na kutiwa katika banda lisilopenya maji. Ndege ilitolewa, ikaungwa, ikarushwa, na iliporudi ikatua juu ya maji na kuinuliwa kwa winchi.

Ndege hizo hazikuwa za mchezo kwa watu wa Afrika Mashariki. Mwezi wa Mei 1942 ile ya nyambizi I-30 ilichungulia Aden na Djibouti, kisha Zanzibar na Dar es Salaam. Mwisho wa mwezi huo nyambizi ndogo za watu wawili wawili, zilizoletwa na nyambizi nyingine kubwa, ziliingia bandari ya Diego Suarez katika Madagaska, zikaizamisha meli ya mafuta na kuijeruhi manowari Ramillies. Hata baadaye ndege ya nyambizi I-37 ilipita juu ya Mombasa yenyewe.

Walakini nyambizi za siku zile zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Injini ya dizeli hula hewa kama moto wa jikoni, kwa hiyo haiwezi kuendeshwa ndani ya chombo kilichofungwa chini ya bahari. Huko chini I-27 na dada zake zilikwenda kwa umeme wa betri, tena polepole: juu ya maji mwendo wao ulifika noti 23, lakini chini haukuzidi noti 8. Betri zikiisha, au hewa ya kuvuta ikichafuka, hapakuwa na budi kuibuka. Basi nyambizi ya namna ile yafaa ifananishwe na mpiga mbizi wa lulu, ambaye hata awe hodari namna gani, pumzi yake ina kikomo.

Kikomo hicho kiliondolewa na Wamarekani kwa chombo chao Nautilus, kilichoshushwa majini Januari 1954. Ndani yake mlikuwa na tanuri la nguvu za atomu. Madini ya urani hutoa joto bila moto na bila kula hewa. Joto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mitambo. Tarehe 3 Agosti 1958 Nautilus ilipita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Mataifa mengine yakafuata, na nyambizi za namna hii huweza kukaa chini kwa miezi, maana hujitengenezea hewa na maji ya kunywa. Kinachozirudisha bandarini ni kwisha kwa chakula cha mabaharia.

Lakini mnamo 1944 mambo hayo hayajakuwapo bado. Mwanzoni mwa Februari mwaka ule msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kwenda Colombo, ukilindwa na manowari Hawkins. Baadaye manowari mbili ndogo zenye mbio, Petard na Paladin, zikashika ulinzi pamoja nayo. Moja ya meli hizo tano iliitwa Khedive Ismail, chombo kilichoundwa mwaka 1922. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, na wengine walikuwa mabaharia na wauguzi wanawake.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, yapata saa nane u nusu mchana, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Nyambizi I-27, chini ya nahodha Fukumura, ilikuwa imewavizia. Topido mbili ziliipiga Khedive Ismail, nayo ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kuzifikia ngazi.

Sasa manahodha wa Petard na Paladin walikabiliwa na jambo zito. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea waliookoka. Ikiachwa, ingeweza kuzipiga meli nne zilizobaki, zilizojaa watu. Ikishambuliwa kwa mapipa ya baruti yanayolipukia chini ya maji, mshindo ungewaua wenzao waliokuwa wakinyosha mikono kuomba kuokolewa. Mapipa yalitupwa. Walio salama nyumbani wasifanye haraka kuwahukumu walioitoa amri ile, wala wasiwasahau walioipokea majini.

I-27 ikalazimika kuibuka. Mizinga ya Petard iliipiga bila kuivunja, kwa kuwa ngozi yake ilikuwa nene. Paladin iliposogea ili kuigonga, yenyewe ilipasuliwa ubavu. Petard ikaanza kurusha topido moja baada ya nyingine, zikakosa. Ile ya saba ikapata, na I-27 ikavunjika.

Watu 1,297 wa Khedive Ismail walikufa. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Katika zile nyambizi 20 za aina ya B1, moja tu, I-36, iliona mwisho wa vita, nayo ilizamishwa kwa makusudi mwaka 1946.

Wapiga mizinga wale hawana kaburi. Kumbukumbu yao iko katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, kwenye Mnara wa Afrika Mashariki.